Michezo ya Watoto Ianze Shehiani

Yeyote aliyeingia katika uwanja wa Amaan tangu ulipofunguliwa upya mwezi wa Disemba, 2023, atakiri kwamba visiwa vyetu vimepata mahali pa michezo panapostahili sifa. Uwanja ule, uliojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 1970, umevishwa sura mpya; na mwezi wa Agosti, 2025, uliwapokea vijana wa Senegal, Nigeria, Sudan na Kongo-Brazzaville waliokuja kushindania ubingwa wa wachezaji wa ndani wa Afrika. Kila Januari Kombe la Mapinduzi huwakusanya wapenzi wa kandanda, ama pale Amaan ama Gombani kule Pemba. Serikali imefanya kazi, na anayekataa kuiona kazi hiyo anajidanganya mwenyewe.

Twashika kalamu leo, hata hivyo, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakumo katika sherehe hizo. Naye ni mtoto wa miaka sita, saba au minane, mwana wa mvuvi, wa mkulima wa mwani, wa mchukuzi wa bandarini, au wa mjane anayekaanga mihogo barazani kwake. Mtoto huyu anapenda kucheza, na anacheza. Hucheza chandimu uchochoroni kwa mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa matambara; hucheza nage, kibe na mdako; hushindana mbio na wenzake kutoka kisimani hadi kwenye mnazi wa mwisho. Asichokipata ni mlango wa kumtoa katika mchezo wa kupitisha jioni na kumwingiza katika mchezo wenye mwalimu, wenye kanuni, wenye siku na saa zake. Kwa mtoto wa mwenye nacho mlango huo u wazi, maana baba yake ana gari na ana ada ya kulipa. Kwa mtoto wa maskini umefungwa kwa makomeo madogo madogo, na kwa kuwa ni madogo, wakubwa wengi hupita bila ya kuyaona.

Hawa si watoto wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar, na zaidi ya thuluthi yao ni watoto. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2019/20 ulionesha kuwa watu 25.7 katika kila mia waliishi chini ya kiwango cha mahitaji ya lazima, na hali ya Pemba ilikuwa nzito kuliko ya Unguja. Basi katika kila watu wanne, mmoja wao alikuwa nyumbani mwake hana uhakika wa chakula, nguo na paa. Na huyo ndiye tunayemtaka amnunulie mwanawe njumu.

Tuyatazame makomeo hayo moja baada ya jingine, tukianza na nauli. Tuchukue mfano, nao ni wa kukisia tu ili hesabu ieleweke. Tuseme mahali pa mafunzo pako mwendo wa gari moja kutoka kijijini, na nauli ya mtoto ni shilingi 400 kwenda na 400 kurudi. Akienda mara tatu kwa wiki, mwisho wa mwezi itakuwa shilingi 9,600. Wakiwa ndugu watatu ni 28,800. Hapo hatujahesabu kuwa mtoto wa miaka saba hapandi gari peke yake, hivyo mama au kaka itampasa afuatane naye, na huyo naye ana nauli yake na ana kazi aliyoiacha. Mzazi haketi kitako akapiga hesabu hii kwa karatasi. Huifanya moyoni kwa nukta moja, kisha humwambia mtoto, "Mwakani, Mungu akipenda," na mtoto huzoea kutouliza tena. Ndiyo maana twasema kwamba kituo kizuri kilicho mbali, kwa mtoto wa maskini ni sawa na kituo kisichokuwapo.

Baada ya nauli huja viatu. Mguu wa mtoto haungoji. Raba zilizomtosha wakati wa Idi ya kwanza zitambana kabla ya Idi nyingine kufika mara ya pili. Kumtaka mzazi mwenye watoto watano anunue viatu vya michezo kila baada ya miezi michache ni kumtaka achague kati ya viatu na unga. Wazee wetu wa miaka ya 1920 na 1930, waliojaza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa mashabiki na kelele, wengi wao walisakata kandanda kwa miguu mitupu na wakaitwa mabingwa. Hatusemi tuwarejeshe watoto katika shida za zamani. Twasema kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi kiatu hakina haja ya kuwa sharti. Uwanja ukiokotwa vigae vya chupa na miba, na kanuni ikawa kwamba siku hiyo ama wote wamevaa ama wote wamevua, hakuna atakayekanyagwa na mwenye njumu wala atakayeona haya kwa kuwa peku. Na kwa wale wakubwa kidogo, kila skuli yaweza kuweka kabati la viatu vya kuazimana: mtoto achukue vinavyomwenea, avirejeshe mguu ukikua, achukue vingine. Viatu jozi arubaini vilivyotunzwa vyema vitahudumia watoto wengi kwa miaka kadhaa. Jambo hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Lahitaji kabati, kufuli, daftari na mtu mwaminifu.

Komeo la tatu ni wakati, na hili ndilo wapangaji wa mipango hulisahau zaidi. Siku ya mtoto wa Kizanzibari imejaa. Asubuhi ni skuli, na alasiri ni chuoni. Au kinyume chake pale ambapo skuli bado ina mikondo miwili. Serikali imejenga skuli za ghorofa miaka hii ili mikondo hiyo iondoke, nasi twaiombea kazi hiyo iishe upesi, maana mkondo wa jioni ukifa ndipo jioni ya mtoto hufufuka. Kati ya skuli na chuo kuna maji ya kutekwa, kuni za kuokotwa na mdogo wa kubebwa mgongoni. Kule Pemba, karafuu zikiwiva, kijiji kizima huhamia mikarafuuni, na watoto hawabaki nyuma. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, mama hufuata bamvua: maji yakikupwa sana yumo baharini, na binti mkubwa ndiye mlezi. Mwalimu wa michezo atakayekuja na ratiba yake iliyopigwa chapa mjini, isiyojua bamvua wala maji mafu, isiyojua msimu wa karafuu wala saa ya adhuhuri chuoni, atapata watoto wale wale wasio na kazi nyumbani, kisha ataandika katika ripoti yake kwamba wazazi wa shamba hawapendi michezo. Tumezisoma ripoti za namna hiyo. Hazina haki.

Dawa yake twaiona mahali pawili. Pa kwanza ni ndani ya masaa ya skuli yenyewe. Kipindi cha michezo kimo katika mafunzo, lakini kila mzazi ajua ni kipindi gani huuawa kwanza mitihani ikikaribia. Kipindi hicho kikiheshimiwa kama hesabu inavyoheshimiwa, mtoto wa maskini atakuwa amecheza kabla hajarudi nyumbani, bila ya nauli na bila ya kuomba ruhusa ya kuacha kazi. Pa pili ni kwa walimu wa chuoni. Watu hawa wana watoto mikononi mwao kila siku, na wazazi huwaamini kuliko wanavyomwamini ofisa yeyote. Wengi wao hawana ugomvi na michezo. Ugomvi wao ni na mchezo unaowanyang'anya wanafunzi katika saa yao. Sheha akiketi nao barazani, wakakubaliana siku mbili kwa wiki ambazo chuo kitafungwa mapema kidogo, shauri limekwisha. Tungependa kusikia ni maofisa wangapi wa michezo waliokwisha kuwaendea.

Sasa tuje kwenye viwanja, na hapa tutakawia, maana hapa ndipo penye hasara isiyorudi. Mtu mzima wa Ng'ambo akitembea leo mtaani kwake aweza kukuonesha kwa kidole: hapa palikuwa uwanja, pale tulikuwa tukicheza sisi, na pale napo. Leo pana nyumba, pana maduka, pana gereji. Mji umepanuka kuelekea mashamba, na kila unapofika humeza kwanza ile sehemu tupu isiyo na mwenyewe, yaani uwanja wa watoto. Pwani nako, ufuo ambao maji yakitoka hugeuka uwanja mpana usio na mfano, mahali pengine umezungukwa na hoteli, na njia ya kuufikia imekuwa uchochoro baina ya kuta mbili. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, chini ya mamlaka ya Rais; sheria ya matumizi ya ardhi ya mwaka 1992 yasema hivyo waziwazi. Lakini kipande kisichopimwa, kisichowekewa alama wala kuandikwa popote, kila mmoja hukiona kuwa ni chake kwa zamu, na watoto hawana zamu.

Twaomba basi kwamba kila shehia ipimiwe japo uwanja mmoja wa watoto, uandikwe, uwekewe mipaka ya miti, na jina lake lisomwe mbele ya wananchi wa shehia hiyo. Wako watakaosema kwamba shehia za mjini hazina nafasi. Jibu letu ni kwamba kosa letu ni kudhani kila uwanja lazima uwe kama Amaan. Uwanja kamili wa kandanda wa mita 105 kwa 68 watosha kugawanywa viwanja sita vya mita 40 kwa 25, na kiwanja cha mita 40 kwa 25 kinawatosha watoto kumi wa umri wa miaka minane, watano kwa watano, wote wakaugusa mpira. Mtoto mdogo aliyetupwa katika uwanja wa watu wazima pamoja na wenzake ishirini na mmoja aghalabu huimaliza jioni akiukimbilia mpira asiufikie. Hajifunzi kitu isipokuwa kwamba mchezo ni wa wenye nguvu. Ua wa skuli, kipande kilicho nyuma ya msikiti kwa ruhusa ya wenyewe, sehemu ya soko baada ya saa za soko, ufuo wakati wa kukupwa: vyote hivi ni viwanja, ikiwa tutakubali kwamba mtoto ni mtoto.

Upo pia ule udhaifu wa kuwachagua watoto mapema mno. Atoke mtu na filimbi, awapange watoto wa miaka minane, awachukue kumi na mmoja walio warefu na wenye kasi, na wengine awarejeshe nyumbani. Hao waliorejeshwa ni nani? Mara nyingi ni wale waliozaliwa mwishoni mwa mwaka, wale wasiokunywa chai asubuhi ile, wale waliokuja peku na kwa woga. Umaskini huvaa sura ya uzembe, na mwenye filimbi hana wakati wa kuchunguza. Kabla ya miaka kumi hakuna sababu ya kumkataa mtoto yeyote. Wacha wote wacheze mpira leo, kesho warushe, kesho kutwa wakimbie na kuruka. Miili yao itawachagulia yenyewe baadaye. Wala watoto wenye ulemavu wasisubiri kutengewa siku yao. Asiyeona aweza kuucheza mpira uliotiwa njuga, na wenzake wakafurahi kufumbwa macho ili washindane naye kwa haki.

Wasichana twawatolea maneno yao mbali. Mtoto wa kike wa maskini ana makomeo yote tuliyoyataja, kisha ana mengine mawili: kazi za nyumbani, ambazo ndugu yake wa kiume hapewi, na stara. Kwa hili la stara, wazazi wasibezwe. Mzazi anayetaka bintiye acheze akiwa amejisitiri, mbele ya mwalimu wa kike, mahali pasipopita kila mtu, ameomba jambo linalowezekana. Halmashauri ya kimataifa inayotunga sheria za kandanda iliruhusu vazi la kichwani tangu mwaka 2014, na shirikisho la dunia la mpira wa kikapu likafuata mwaka 2017. Kama dunia imeona hakuna kizuizi, sisi wenye vazi letu tusikione. Tuwafunze basi walimu wa kike, hata kama ni wachache kwa kuanzia. Na tuanze na michezo ambayo wasichana tayari wanaijua. Anayecheza nage huku akilenga, akikwepa na kudaka, amekwisha kujifunza nusu ya mpira wa mikono bila ya kujua.

Na sasa bahari. Ni ajabu ya visiwa hivi kwamba mtoto aweza kuzaliwa akisikia mawimbi, akala samaki kila siku, akavuka kwenda Pemba kila likizo, na asijue kuogelea. Wavulana wa pwani hujifunza wenyewe kwa kurukaruka gatini. Wasichana na watoto wa bara la visiwa wengi hawajifunzi kabisa. Hatutaki kufukua majonzi, lakini nani katika sisi amesahau usiku wa tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander ikielekea Pemba, au mchana wa tarehe 18 Julai, 2012, ilipozama Skagit karibu na Chumbe? Kuogelea pekee hakungeiokoa meli iliyojaa kupita kiasi, na wenye jukumu la usalama wa vyombo wasijifiche nyuma ya maneno yetu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kuzama kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Huu ni mchezo ambao mtoto wa maskini akiujua umemwongezea umri.

Nao hauhitaji bwawa. Kule Nungwi, mradi uitwao Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea baharini humu humu, kwa mavazi yanayowafunika mwili mzima, na walimu wa kike wakiongoza. Picha za masomo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilishinda tuzo ya kimataifa ya picha za habari mwaka 2018, na dunia ikastaajabu. Sisi hatukuwa na haja ya kustaajabu; tulikuwa na haja ya kuuliza ni skuli ngapi za pwani zitakazofuata. Inahitajika sehemu ya maji ya kiunoni yaliyotulia, kamba ya kuwekea mpaka, madumu matupu ya plastiki ya kuelelea, watu wazima wawili wanaojua kuokoa, na ratiba inayofuata maji. Wavuvi wastaafu wanaoijua bahari ya kijiji chao kuliko ramani yoyote wako, wamekaa barazani, hawajaombwa.

Hebu tuvuke kidogo tuone wenzetu. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, mahali ambapo umaskini hauhitaji kuelezwa, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Kanuni yake moja ilikuwa ya busara iliyo nyepesi: timu ya watoto ikijitokeza kusafisha mitaro na taka za mtaa wao, ilipewa pointi katika ligi, pointi zile zile zinazopatikana kwa kushinda mechi. Mtoto asiye na shilingi alilipa ada yake kwa fagio. Vijana wakubwa ndio waliokuwa waamuzi na makocha wa wadogo, na waliofanya vizuri walisaidiwa karo za skuli. Mwaka 1994 ikazaliwa humo timu ya Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Twataka msomaji azingatie mpangilio wa mambo hayo. Timu kubwa ilikuja miaka saba baada ya watoto, na ubingwa miaka kumi na minne baada ya hapo.

Mfano wa pili ni wa kisiwa chenzetu, japo cha barafu. Iceland ina watu wasiofika robo ya wetu. Mji wake mkuu, Reykjavík, tangu mwaka 2007 humpa kila mtoto kadi yenye fedha za mji, ambazo mzazi hawezi kuzitumia kwa lolote isipokuwa kulipia mchezo au mafunzo ya mtoto baada ya skuli. Kisiwa kile kilifika robo fainali ya Ulaya mwaka 2016 na kikacheza Kombe la Dunia mwaka 2018. Ni nchi tajiri, twajua, na hatuombi kadi. Lakini shauri lililo nyuma ya kadi hiyo halina utajiri wala umaskini: fedha za umma zimfuate mtoto alipo, mapema, kabla hajawa mchezaji.

Tunakumbusha pia kwamba jambo hili lina msingi kwetu. Tarehe 23 Septemba, 1964, Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na hadi leo kumbukumbu ya tangazo hilo huadhimishwa kwa tamasha la wanafunzi viwanjani. Aliyetangaziwa elimu bila malipo alikuwa mtoto wa maskini. Ikiwa mchezo ni sehemu ya elimu, na tamasha lenyewe lathibitisha hivyo, basi ada, sare ya lazima na mchango wa safari haviwezi kuwa sharti la mtoto kuucheza. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989 katika kifungu chake cha 31 watambua kuwa kucheza ni haki. Sisi tulikuwa tumeanza kabla ya mkataba.

Watu watauliza gharama. Zanzibar ina shehia 388. Mipira kumi kwa kila shehia ni mipira 3,880 kwa mwaka; filimbi, kamba na chokaa ni kidogo zaidi ya hapo. Posho ya vijana wawili wanaomaliza skuli, waliofunzwa wiki chache, ili wasimamie jioni mbili kwa wiki, ni fungu linalojulikana na lisilotisha ukililinganisha na matengenezo ya uwanja mmoja mkubwa. Vilabu navyo visikae kando: kila klabu ya ligi yaweza kuzilea shehia mbili au tatu, wachezaji wake wakaenda huko mara moja kwa mwezi. Hakuna zawadi kubwa kwa mtoto kuliko kumwona anayemsikia redioni amesimama mchangani kwake. Pale penye uwezo, kikombe cha uji kabla ya mazoezi kitafanya kazi ambayo kocha hawezi kuifanya.

Tusisahau usalama. Mtoto akikabidhiwa mtu mzima, mzazi ana haki ya kujua mtu huyo ni nani. Kila mwalimu wa kujitolea aandikwe kwa sheha, wasimamizi wawe wawili wawili, mazoezi yafanyike mahali pa wazi kabla ya magharibi, na mzazi anayetaka kukaa akatazama asifukuzwe. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imo vitabuni. Yafaa isomwe kwa kila anayepewa filimbi kabla hajapewa. Anayekataa masharti haya hatufai, awe bingwa wa namna gani.

Kwa hiyo twaielekea Wizara inayosimamia michezo, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na halmashauri za wilaya za Unguja na Pemba. Katika bajeti ijayo itakayopelekwa Baraza la Wawakilishi, pawe na kifungu chenye jina lake, cha michezo ya watoto walio chini ya miaka kumi, kisichoweza kuhamishwa kulipia safari za timu. Kabla ya hapo, kila sheha aandike barua ya ukurasa mmoja: uwanja gani upo, una ukubwa gani, nani anaudai, na watoto wangapi wanaucheza jioni. Gazeti hili liko tayari kuzichapa barua hizo katika ukurasa huu, shehia kwa shehia, tukianza na Micheweni na kuteremka hadi Makunduchi. Na shehia ambayo uwanja wake umepimwa tutaitaja, na ile ambayo uwanja wake umeuzwa tutaitaja pia, pamoja na mwaka uliouzwa.